Matufaha Yaliyolala na Viazi

Jambo lote lilinigharimu mizigo arobaini na minane ya kuni za mkaratusi, meza moja katika soko la Mbeya ambayo sikuja kuipata tena mpaka miaka minne baadaye, na madebe mawili ya mbegu za viazi ambazo hazikuwa zangu. Nimehesabu mara mbili. Wapo watakaosema nimesahau kuuhesabu mwaka wenyewe, lakini mwaka ungepita hata kama ningelala tu, kwa hiyo siuweki kwenye gharama. Mwezi uliopita tulimzika Sekela, kule kule juu ya Iyunga alikoishi, na wakati watu wanakula msibani nilimsikia kijana mmoja akimweleza mwenzake kwamba bibi huyu alipewa nyumba ile na mzungu kwa sababu ya uaminifu wake. Nilikuwa nimeshika sahani ya wali na maharage, nikaiweka chini. Sekela alikuwa mwaminifu, hilo sibishi, lakini nyumba hakupewa na mtu. Ilibaki mikononi mwake kwa sababu ya tunda baya kuliko yote niliyowahi kuuza, na kwa kuwa katika wale walioliona jambo hilo tangu mwanzo nimebaki peke yangu, naona niandike.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Nilikuwa na miaka ishirini na chumba kimoja cha kupanga Ilomba, katika nyumba ya udongo ya mzee mmoja fundi cherehani ambaye mashine yake ilikaa upande wa pili wa ukuta wangu, kwa hiyo nilijua sikukuu zote za mji kwa mlio wake: Krismasi ikikaribia halali usiku, Kwaresima analala hata mchana. Biashara yangu ilikuwa kwenda na kurudi. Napeleka Iringa mchele wa Kyela, ndizi na mbegu za viazi kutoka milimani, narudi na vitunguu. Sokoni Mbeya sikuwa na meza. Niliuzia chini, juu ya gunia, nje ya paa, mahali ambapo mvua ikinyesha unachagua kufunika bidhaa au kufunika kichwa. Nilikuwa naweka akiba ya meza, na mama mmoja mwenye meza nzuri ya pembeni, anayetaka kurudi kwao Tukuyu, alikuwa amenipa ahadi. Nilipita pale kila asubuhi kuiangalia kama mtu anavyoangalia mchumba.

Sekela alikuja kukaa jirani yangu na tenga la matufaha, ambayo sisi tuliyaita maepo. Alikuwa amenizidi miaka minne au mitano, mrefu, mjane wa mwaka mmoja, na alikuwa anauza vibaya mpaka nikaona aibu kwa niaba yake. Alichanganya. Mteja ananunua moja tamu, anarudi kesho ananunua mawili, anakuta moja linakunja uso na jingine linaliwa kama unga, anaanza kututukana sote mstari mzima. Siku ya tatu nilimwambia, dada, haya siyo maepo, huu ni mkutano. Alicheka, halafu akasema jambo lililonishangaza: kwamba anajua hayafanani, kila mti ni wa namna yake, ila hana majina ya kuyauzia. Majina yalikuwepo zamani, yameandikwa kwenye vipande vya bati vilivyofungwa matawini na Mjerumani aliyepanda ile miti kabla ya vita ya kwanza, lakini watoto wa shamba walikuwa wamevichukua vipande vyote na kuvinoa kuwa vichwa vya mishale ya kuwindia ndege. Tulikubaliana kwamba nitakwenda kuyaona mwenyewe Jumapili, baada ya ibada.

Miti ilikuwa ishirini na mitatu. Niliihesabu nikipanda na nikaihesabu nikishuka. Ilisimama kwenye mteremko wenye baridi, mashamba ya pareto yakiizunguka pande tatu, na nyumba ya Sekela ilikuwa mwisho wa safu ya chini: vyumba viwili na jiko, matofali mabichi, bati juu, dirisha moja tu ambalo mumewe aliliziba kwa mbao kwa sababu ya upepo. Mume huyo ndiye aliyekuwa mtunza miti. Alimfundisha mkewe kazi yote, na kazi kubwa ilikuwa ya ajabu: baada ya mavuno unapukutisha majani kwa mkono, tawi kwa tawi, mpaka mti unabaki uchi. Tufaha ni mti wa nchi ya theluji. Usipouvua majani haujui kama mwaka umekwisha, unaendelea kusimama pale na majani yake makuukuu, hautoi maua. Kwa hiyo kila mwaka watu wa pale waliidanganya ile miti kwamba kumeanguka theluji Mbeya. Mume alipokufa kwa ugonjwa wa kifua, mwenye shamba, mzungu aliyekuja mara chache, alisema mjane akae na nyumba maadamu kuna matufaha ya kutunza. Hayo ndiyo maneno aliyoyasema, na kila mtu aliyashika kwa upande wake.

Aliyeyashika kwa upande mbaya ni nyapara mpya. Aliitwa Sanga, Mkinga, mtu mfupi mwenye sauti ya chini, si katili hata kidogo, na hilo ndilo lililomfanya awe mgumu, maana mtu katili unaweza kumchosha. Alikuwa na tanuri za kukaushia maua ya pareto, na tanuri zinakula kuni. Alimwambia Sekela kwamba msimu huu ataangalia safu moja moja: safu inayouzika itabaki, isiyouzika itaingia tanurini baridi ikiisha, na ardhi yake itapandwa pareto. Safu ya chini, ile ya karibu na nyumba, ilikuwa miti minne ya namna moja ambayo hakuna mtu aliyewahi kununua tunda lake. Safu hiyo ikienda, nyumba inakuwa stoo ya magunia. Na nyumba ikienda, Sekela anakwenda kwa shemeji yake.

Hapo ndipo pazito, maana desturi ilikuwa wazi. Mume akifa, ndugu yake anamrithi mjane, na wazee walikuwa wameshakaa na kusema. Shemeji mwenyewe aliitwa Ambilikile, wa kule chini upande wa Tukuyu, na tayari alikuwa na wake wawili. Kila baada ya wiki kadhaa alipanda mpaka Iyunga na mkungu wa ndizi begani, anaketi kwenye kigoda, anauliza habari ya miti kwa adabu kubwa, anakula, anashukuru, anaondoka. Hakuwahi kutoa sauti juu. Sekela aliniambia angependa angekuwa mlevi, apate la kumsema. “Nikienda kule nitakuwa mtu wa tatu kwenye foleni ya maji, mdogo wangu,” alisema. “Hapa kisima nafika wa kwanza.”

Kwa hiyo tulianza kazi ya majina, na tuliifanya jikoni kwake, Jumapili tano au sita mfululizo, kati ya Januari na Machi. Tulipika kwanza mbalaga, zile ndizi za kupika, na maharage, kwa sababu mtu mwenye njaa anaona kila kitu ni kitamu na hafai kuonja. Halafu tunasubiri. Halafu kila tunda linakatwa vipande viwili, upande uliopigwa jua na upande wa kivuli, maana ladha zake ni mbili, unanusa kwanza kwenye kitako, pale ua lilipokauka, unatafuna taratibu, kisha unatafuna punje za mahindi ya kuchoma na kunywa maji baridi ili mdomo urudi kama ulivyokuwa. Kabla ya kukata, Sekela alinifundisha kulitikisa tunda sikioni. Kuna aina moja, ndefu kidogo, yenye mistari, ambayo ikiiva mbegu zake zinalegea na kucheza ndani. Hiyo tukaiita Kengele, ikawa rahisi kuliko zote kuuza, kwa sababu mteja anaweza kuihakikisha mwenyewe bila kuila. Kuna iliyokuwa nyekundu mpaka ndani ya nyama, kama mtu amedondosha wino wa waridi, na harufu yake ni hiyo hiyo, tukaiita Waridi. Kuna kubwa la kijani ambalo ukilipika dakika chache linavimba na kuwa povu laini. Hilo likawa Uji. Kuna dogo, gumu, lenye ukali unaopanda puani kama mchaichai, nalo likaitwa hivyo.

Tuligombana mara moja tu, juu ya tufaha la njano lenye shavu jekundu. Mimi nilinusa nikasema hili ni Ndizi, linanukia ndizi mbivu kabisa. Sekela akaweka kisu chini, akaniuliza ndizi gani. Nikamwambia ndizi, tu. Akasema mtu aliyezaliwa Unyakyusa hawezi kukaa jikoni kwake akasema ndizi tu, kama mtu wa pwani anavyosema samaki. Ni kisukari? Ni mzuzu? Ni ile ndefu inayoiva ikiwa bado kijani? Tulilinusa tena, tukalila lote mpaka kikonyo, tukapitisha kwamba ni kisukari kilichokaa ndani siku mbili baada ya kuiva. Sokoni niliandika Ndizi kwa mkaa kwenye ubao, kwa sababu ubao ulikuwa mdogo, lakini kati yetu lilikuwa na jina hilo refu mpaka alipokufa.

Likabaki tunda la safu ya chini. Kwa macho lilikuwa msiba. Ngozi yake ilikuwa kahawia, ya kukwaruza, kama kiazi kilichotolewa shambani sasa hivi, na watu wa sokoni walisema ni ugonjwa. Kwa mdomo lilikuwa gumu kama mbao na chungu kiasi kwamba meno yalikuwa kama yameota nywele. Tulilionja upande wa jua, upande wa kivuli, la kuchoma, la kuchemsha. Tuliliita Viazi kwa sababu hatukuwa na matumaini nalo. Mengine yote yalikwenda vizuri. Wapishi wa wazungu walichukua Uji, hoteli ikachukua Waridi, watoto wakalipia Kengele ili kusikiliza kabla ya kula, na Mchaichai yote ilikwenda kwa Mama Kanji, mke wa mwenye duka la nguo, ambaye aliikatakata na kuitia pilipili na chumvi kuwa achari. Mama Kanji alikuwa mpinzani wangu wa bei, na alikuwa na ulimi ambao sijauona tena. Kila tunda aliliuma, akafikiri, akatema kwenye kiganja, kisha akatoa hukumu. Waridi, alisema, utamu wake unaishia mdomoni, haufiki kooni, kwa hiyo anatoa nusu ya bei. Nilimpelekea Viazi. Aliuma, akanitazama kwa huruma, akasema kwa sauti ya mtu anayemshauri mwanawe, “Tupoki, hii usiuze. Hii mpe mtu anayekudai.”

Machi nilifanya kitu ambacho wafanyabiashara wote hufanya na bidhaa mbovu: niliipeleka mji mwingine. Nilitia Viazi gunia zima, nikalifunga kama ninavyofunga magunia yote, nikapanda lori la Iringa. Iringa nako wakaliuma, wakatema. Nilipofika Kalenga, kijiji cha karibu na Iringa, kwa Mama Yohana, ambaye nilikuwa nikilala kwake na kumuuzia mbegu za viazi kila msimu, nilikuta hayupo. Amekwenda na kwaya kwenye kanisa la mbali. Kulirudisha gunia Mbeya kungenitoza nauli ya mzigo mara ya pili, kwa kitu ambacho hata bure hakitakiwi. Nikaliacha mlangoni, nikamwambia jirani amwambie Mama Yohana kwamba lile la Mbeya ni lake. Nilichokuwa nawaza ni nguruwe wake.

Nilirudi Kalenga Juni, baridi imekaza. Nyumbani Mbeya mambo yalikuwa mabaya. Sanga alikuwa ameyapaka chokaa mashina ya miti minne ya chini, mstari mweupe usawa wa kiuno, pale shoka litakapopita, na Ambilikile alikuwa ameleta mikungu miwili badala ya mmoja, maana yake siku ya kumchukua Sekela imekaribia. Sekela alikuwa ameanza kufunga vyombo. Mimi nilikwenda Iringa kwa sababu vitunguu havingoji mtu. Mama Yohana alinipokea uani, mwanamke mnene mwenye kicheko ambacho siku hiyo hakuja nacho. “Kamwene,” nikamwamkia. Akaitikia kwa ufupi, akaniletea kigoda, akaniletea maji, akasimama mbele yangu.

“Mnyalukolo,” akaniita kama ndugu, kwa Kihehe, “mbegu uliyoniletea ni ya wapi?”

Nikamuuliza mbegu gani. Akasema viazi vya kahawia. Akaeleza kwamba aliporudi kutoka kwaya alilipapasa gunia, akajua ni mbegu kama kawaida yangu, akashukuru Mungu kwa zawadi, akazitandaza kwenye chumba cha mbegu, juu ya majani makavu, pamoja na za kwake, akafunga mlango. Ni lazima mtu aelewe chumba cha mbegu cha Mhehe. Hakina dirisha, kina baridi, na hakuna anayeingia, hata mtoto akilia njaa, kwa sababu kilichomo si chakula, ni mwaka ujao. Aliingia yeye tu, bila taa, kwa kuwa mwanga unaharibu mbegu, akapapasa kama zimeanza kuchipua. Zangu hazikuchipua. Zilikunjamana. Baya zaidi, za kwake zilizolala karibu nazo pia zilikuwa zimenyamaza, madebe mawili, hakuna jicho hata moja lililofumbuka, wakati za kona ya pili zimeota vizuri. Zangu zilikuwa na vikonyo na harufu ngeni, na hilo lilimpa wasiwasi, lakini alijiambia huenda viazi vya Mbeya viko hivyo. Wakati wa vinyungu ulikuwa umefika, yale mashamba ya bondeni yanayolimwa kiangazi, kwa hiyo wiki tatu zilizopita alipanda tuta moja la mbegu zangu, ajaribu. Hakuna kilichotoka.

Nilimwomba anionyeshe tuta. Tuliteremka bondeni, udongo mweusi, umande bado uko juu ya majani ya mahindi mabichi, naye akatembea mbele akiwa amekunja mikono kama mtu anayempeleka mwizi kwa jumbe. Nilifukua kwa vidole. Lilitoka tufaha limekunjamana kama mkono wa bibi, na kabla sijalifikisha usoni harufu ilishafika. Nililifuta kwa pindo la kanga nikaliuma. Sijui niseme vipi. Ule uchungu ulikuwa umegeuka. Ulikuwa utamu wa asali ya porini iliyokaa kwenye kibuyu, na katikati yake ukali mdogo kama wa ukwaju, wa kukuamsha, na mwisho kabisa, baada ya kumeza, ladha ya karanga mbichi. Ulifika kooni na ukakaa. Nilimpa Mama Yohana nusu. Alilitazama, akaniangalia mimi nimekula udongo bila kufa, akauma. Akatafuna muda mrefu sana kwa mtu mwenye hasira.

“Kwa hiyo siyo kiazi,” akasema.

“Siyo.”

“Basi madebe yangu mawili utalipa.”

Nililipa; tufaha likilala na kiazi hukizuia kuchipua, nilikuja kuambiwa miaka mingi baadaye. Sikumwomba apunguze hata kidogo, naye hakujitolea kupunguza. Yeye ndiye aliyeyahifadhi yale matunda miezi mitatu kwa uangalifu ambao mimi nisingeweza kuununua, ingawa kwa macho yake alikuwa anahifadhi kitu kingine. Katika mji mzima wa Mbeya hakuna mtu ambaye angekaa na tunda gizani muda huo bila kulila au kulitupa. Ilihitajika mtu anayeamini ni mbegu. Alinirudishia matenga mawili, akabakiza moja la kwake, na lile tuta hakulifukua lote. Alisema ngoja tuone.

Nilishuka kwenye lori Iyunga saa nne asubuhi, sikupita hata Ilomba. Sanga alikuwa tanurini anapanga kuni. Nilimpa tunda. Alilila lote, nyama, moyo, mbegu na kikonyo, akafuta mkono kwenye suruali.

“Ni zuri,” akasema. “Kuni ziko wapi?”

Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima kutoka Makambako. Nilikuwa na maneno ya utamu, ya bei, ya kwamba Juni hakuna tunda lingine mjini, ya Mama Kanji na hoteli. Hayakuwa na kazi. Mtu huyu hakuwa anabishana kuhusu ladha. Alikuwa na tanuri mbili na maua yanayooza yasipokaushwa. Kwa hiyo nilifanya kile ninachokijua. Nilimuuliza mti mmoja wa safu ya chini, ukikatwa, utatoa mizigo mingapi ya kichwa. Alisema kumi na miwili. Nilicheka, nikamwonyesha matawi, nikasema sita, tena sita ya kumhurumia. Hakucheka. Aligeuka akaiangalia nyumba, mlango ukiwa wazi, vyombo vya Sekela vikiwa vimefungwa kwenye shuka barazani, akarudia tena bila kupandisha sauti: kumi na miwili. Mimi nimepunguza bei za mazishi maishani mwangu. Nimepunguza bei ya daktari. Siku hiyo nilikubali bei ya kwanza, nimletee kuni nyingine badala ya miti yote minne, na sijawahi kuamua kama alinishinda au alinisaidia, kwa sababu mizigo hiyo ilimtosha kumalizia msimu mzima, na bosi wake asingekuwa na la kuuliza.

“Kavu,” akaongeza. “Na stoo yangu ya magunia?”

Nikamwambia nyumba haiwezi kuwa stoo ya pareto, kwa sababu itakuwa stoo ya maepo. Haya hayauziki bila chumba cha giza, na kwenye shamba hili chumba chenye dirisha lililozibwa ni kimoja. Alifikiri. Akasema pareto inaweza kulala kwingine. Alichota maji kwenye debe, akaosha chokaa kwenye mti wa kwanza yeye mwenyewe, ile mingine akatuachia.

Akiba ya meza ilinunua mikaratusi kwa wakata mbao. Yule mama wa pembeni alimuuzia mtu mwingine meza yake. Nilipita asubuhi moja nikakuta mwanamume anauza sabuni juu yake, nikaacha kupita. Kuni tulizibeba wenyewe kutoka barabarani mpaka tanurini, kilima kizima, mimi na Sekela, na Ambilikile alitukuta mzigo wa tisa. Aliweka ndizi zake chini, akauliza kama kuna msiba. Sekela akamwambia hapana shemeji, ni kazi tu. Akavua koti, akabeba. Alibeba mizigo kumi na mmoja, siku ile na iliyofuata, na sisi wawili tulikuwa tunatazamana juu ya kichwa chake tukijizuia kucheka, kwamba mtu anabeba kuni zinazomkosesha mke. Jioni ya pili tulikaa jikoni, tukamkatia tunda la Kalenga. Alilila polepole. Kisha akasema, akiangalia moto:

“Ndaga, asante, shemeji. Nitawaambia wazee miti ya marehemu imezaa, na mtunzaji haondolewi kwenye mti unaozaa. Watanielewa.” Akasukuma kuni motoni. “Wale wawili nilionao wananitosha. Nilikuwa natafuta tu mlango wa kutokea.”

Hakuna aliyecheka. Sekela alinyanyuka akaenda nje kuleta maji ambayo yalikuwa tayari ndani.

Badala yake Ambilikile alimletea binti yake wa miaka saba aje kukaa naye na kusoma shule ya karibu, na baadaye mdogo wa binti huyo, wa kiume, na huyo wa kiume ndiye aliyetupokea msibani mwezi uliopita, mzee sasa, magoti yanamsumbua. Mwaka uliofuata Sekela alihamishia kitanda chake jikoni, akavitandika vyumba vyote viwili majani makavu. Juni nilimpelekea Mama Kanji tunda moja. Aliuma, akafikiri, na kiganja chake kilikuwa tayari, lakini hakutema. Aliniuliza nimelificha wapi. Nikamtajia bei. Akaniita mwizi, akaita mumewe aje asikie, kisha akachukua tenga zima. Jina halisi la tunda hilo, lile la kwenye bati, hatukulijua kamwe. Wataalamu wawili wamekuja kwa nyakati tofauti, kila mmoja akalitajia jina, na majina hayo hayakufanana.

Sasa nina jambo la kuuliza. Tulipokuwa tunaondoka msibani, yule mpwa wa Sekela aliyetupokea alinipa tenga. Alisema marehemu aliyachuma kwa mkono wake wiki yake ya mwisho, kwenye mti mmoja uliobaki katika ile minne, na alisema ni ya Tupoki. Yako chini ya kitanda changu hapa Ilomba, nimeyafunika kwa gunia, na dirisha nimelipachika blanketi ingawa wajukuu wanalalamika. Jana nilionja moja. Ni gumu na chungu vile vile, meno yangu machache yaliota nywele. Yataiva Juni. Mimi nimepita miaka themanini na mitano, na moyo wangu daktari anausikiliza kama anavyosikiliza redio yenye betri mbovu. Maisha yote sijamkopesha mtu ambaye sina hakika kama atakuwepo siku ya kulipa, na safari hii mtu huyo ni mimi. Ukiwa umewahi kuachiwa kitu na mtu uliyempenda, kitu ambacho hakijawa tayari, tafadhali nishauri. Niyale sasa na uchungu wake, kwa kuwa mikono yake bado iko juu yake? Au niyaache yalale?